Ndugu Mdogo wa Misugusugu

Historia ya taifa letu, kama inavyofundishwa mashuleni, ina sura nyingi. Iko sura ya watawala na vita vyao, iko sura ya biashara na misafara, na iko sura ya vyama na harakati za kudai uhuru. Sura zote hizo ni za haki, na mwanafunzi hana budi kuzipitia. Lakini ipo sura moja ambayo aghalabu hairipotiwi na mtu, nayo ni sura ya wale waliochagua kwa hiari yao kutojilimbikizia kitu. Watu wa namna hiyo hawakuacha majumba, wala hati za mashamba, wala sanamu. Mwanahistoria akija na kalamu yake kutafuta alama zao, haoni kitu cha kushika. Je, watu hao wana nafasi katika utamaduni wa taifa? Na kama wanayo, tutawakumbuka kwa njia gani?

Insha hii inajaribu kulijibu swali hilo kwa kumkumbuka rafiki mmoja aliyeishi Misugusugu, katika nchi ya Kibaha ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kisarawe. Jina lake sitalitaja, maana yeye mwenyewe asingependa litajwe kitabuni. Wakazi wa Misugusugu walimwita Fundi, nasi tutamwita hivyo hivyo. Alikuwa seremala, Mpogoro kwa kabila, Mkristo Mkatoliki kwa dini, na mfuasi wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Majirani zake walio wengi walikuwa Wazaramo na Wakwere, Waislamu kwa vizazi vingi. Mimi nilimfahamu katika miaka ya 1990, nilipohamishiwa Kibaha kikazi; yeye alikuwa mzee, mimi nikiwa bado kijana. Urafiki wetu ulikuwa ule wa mzee na kijana, ambao katika mila zetu una heshima yake na mzaha wake.

Lakini maisha ya mtu mmoja hayaeleweki bila kujua mto uliomfikisha hapo. Kwa hiyo yatupasa kwanza kurudi nyuma, karne nane.

Fransisko wa Asizi alizaliwa Italia mwaka 1181 au 1182, mwana wa tajiri mfanyabiashara wa nguo. Alipokuwa kijana alikwenda vitani, akatekwa, akafungwa. Baadaye aliiacha mali ya baba yake, akaanza kuishi miongoni mwa mafukara na wagonjwa wa ukoma. Wenzake waliomfuata aliwaita Ndugu Wadogo, yaani watu wasiotaka ukubwa. Kanuni yao ya maisha ilithibitishwa na Papa Honorio wa Tatu mwaka 1223, na Fransisko alifariki mwaka 1226. Wakapuchini, ambao tutawataja hapa mara kwa mara, ni tawi la watawa hao lililoanza Italia mwaka 1528. Jina lao limetokana na kofia ndefu iliyoshonwa pamoja na kanzu yao ya rangi ya udongo.

Mambo mawili katika habari za Fransisko yanatuhusu sana sisi watu wa Pwani. La kwanza ni safari yake ya Misri. Mwaka 1219, majeshi ya Wakristo kutoka Ulaya yalikuwa yameuzingira mji wa Damietta, katika vita vile ambavyo wao waliviita vya msalaba. Fransisko, pamoja na ndugu mmoja, alivuka mstari wa vita bila ya silaha akaenda kuonana na Sultani Malik al-Kamil, mpwa wa Salahuddin. Sultani alimpokea, akamsikiliza, akamrudisha salama. Hakuna aliyemgeuza mwenziwe dini. Lakini baada ya safari hiyo, katika kanuni aliyoiandika mwaka 1221, Fransisko aliwaelekeza ndugu waendao kwa Waislamu kwamba njia mojawapo ya kuishi huko ni kutofanya ugomvi wala ubishi, kumnyenyekea kila binadamu kwa ajili ya Mungu, na kukiri tu kwamba wao ni Wakristo. Kwa zama zile za upanga, maneno hayo yalikuwa mageni kabisa.

La pili ni Utawa wa Tatu wenyewe. Walikuwapo wanaume na wanawake wenye ndoa, watoto na kazi, waliotaka kuifuata njia hiyo bila ya kuingia nyumba ya watawa. Kanuni yao ya kwanza ni ya mwaka 1221. Papa Nikolasi wa Nne aliwapa nyingine mwaka 1289. Na kanuni yao mpya ilitolewa na Papa Paulo wa Sita tarehe 24 Juni, 1978. Kanuni zile za kale ziliwakataza kubeba silaha za kuua, na ziliwataka wajiepushe na viapo. Agizo hilo liliwakera mabwana wa Ulaya, kwa kuwa mtu asiyebeba silaha hawezi kuburutwa katika vita vya bwana wake, na mtu asiyeapa hafungwi kwa kiapo cha utii. Hivyo unyenyekevu wao haukuwa udhaifu.

Sasa tuje kwenye pwani yetu. Hapa ndipo historia inapotupa somo chungu.

Mwaka 1500 merikebu za Pedro Álvares Cabral zilifika Kilwa, na ndani ya msafara huo walikuwamo mapadre wa Kifransisko waliokuwa njiani kwenda India. Julai 1505 Francisco de Almeida alifika Kilwa na merikebu za vita. Mji ulishambuliwa ukaporwa, Sultani Ibrahim akakimbia, na Wareno wakamweka kitini mtawala waliyemtaka wao. Wakajenga ngome, na Wafransisko walikuwapo pamoja nao. Mwezi uliofuata Mombasa ilichomwa moto. Wareno waliihama ngome ya Kilwa mwaka 1512. Kwa hiyo mtu wa Kilwa aliyeliona vazi la Fransisko kwa mara ya kwanza aliliona likishuka katika merikebu moja na mizinga. Yule aliyevuka mstari wa vita mikono mitupu, wanawe walikuja pwani yetu nyuma ya bunduki. Mwalimu akisomesha habari za Wareno asilifiche jambo hili. Na wala asilitumie kuwahukumu watu waliozaliwa karne tano baadaye.

Karne ya kumi na tisa ilileta wamisionari wengine. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza misheni yao ya Bagamoyo mwaka 1868. Wabenedikti kutoka Bavaria walifika Pugu mwaka 1888. Hawa hawakuwa Wafransisko, lakini habari yao ni sehemu ya njia yetu. Walikuja wakati uleule Wajerumani walipokuwa wakiinyakua pwani, na vita vya Abushiri bin Salim vilipowaka, misheni ya Pugu ilishambuliwa, Januari 1889. Baadhi ya wamisionari waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Katika Vita vya Maji Maji, tarehe 14 Agosti, 1905, Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake wanne katika nchi ya Liwale. Mwananchi aliyekuwa akipigania ardhi yake hakuwa na kipimo cha kumtofautisha mtu wa dini na mtu wa serikali, maadamu wote wawili walikuja kwa pamoja, walisema lugha moja na walilindwa na bendera moja.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani waliondolewa nchini. Mwaka 1921 Wakapuchini kutoka Uswisi walikuja kushika kazi ya Kanisa Katoliki katika eneo kubwa lililoanzia Dar es Salaam hadi Mahenge. Kiongozi wao wa kwanza alikuwa Gabriel Zelger. Tangu mwaka 1930 aliwaongoza Edgar Maranta, mzaliwa wa Poschiavo, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Dar es Salaam mwaka 1953, akastaafu mwaka 1968 na kumpisha Kardinali Laurean Rugambwa. Mahenge ilipata kuwa jimbo mwaka 1964, chini ya Askofu Elias Mchonde, mwananchi. Uswisi haikuwa na koloni, na jambo hilo liliwasaidia Wakapuchini kidogo. Lakini nao waliishi na kufanya kazi chini ya utawala wa Mwingereza, na shule na ardhi za misheni zilikuwa sehemu ya utaratibu ule. Kwa upande mwingine, hospitali waliyoipa jina la Mtakatifu Fransisko huko Ifakara, na makazi ya wagonjwa wa ukoma yaliyoko karibu nayo, ni mambo ambayo wenyeji wa bonde la Kilombero wanayajua bila ya kusimuliwa.

Huko ndiko Fundi alikotokea. Alizaliwa Upogoro, akasoma madarasa machache katika shule ya misheni, kisha akaingia karakana kujifunza useremala kwa mabradha. Alipenda kusimulia kwamba mwalimu wake, bradha mmoja wa Kizungu, alikuwa na kanzu moja ya kazi na jozi moja ya viatu, na viatu hivyo alivitia kiraka kwa mikono yake. "Padre alituhubiria ufukara Jumapili," alikuwa akisema, "lakini mimi niliusoma kwenye viatu vya bradha." Alipopata utu uzima alipokewa katika Utawa wa Tatu. Hakuwa padre, wala bradha. Alioa, akapata watoto.

Katika miaka ya 1960 alikuja Kibaha. Wakati huo nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden zilikuwa zikishirikiana na serikali yetu kujenga kituo kikubwa cha elimu, afya na kilimo, ambacho kilikabidhiwa kwa Tanzania tarehe 10 Januari, 1970, kikawa Shirika la Elimu Kibaha. Mafundi walihitajika kwa wingi. Kazi ya ujenzi ilipopungua, wengi walirudi makwao au walikwenda Dar es Salaam. Fundi alipata kipande cha shamba Misugusugu, kando ya barabara ya Morogoro, akajenga nyumba ya miti na udongo na banda la useremala chini ya mwembe.

Wenyeji walimtazama kwa mashaka, na mashaka yao yalikuwa na sababu. Nimekwisha kueleza habari za Kilwa na za Pugu. Mzee mmoja wa Misugusugu aliniambia waziwazi kwamba walidhani ametumwa. Walingoja siku ambayo angeanza kugawa vitabu au kuwaita watoto nyuma ya nyumba. Walingoja miaka, na siku hiyo haikufika. Kilichofika ni habari ya jeneza.

Jeneza la msikiti, lile la kubebea maiti hadi makaburini, lilikuwa limeoza miguu, na siku moja lilikatika njiani. Wazee walikwenda kwa Fundi kuuliza bei ya kulitengeneza. Yeye alilipima, akasema halifai kutengenezwa, akaunda jipya kwa mbao za mninga alizokuwa ameziweka kwa ajili ya kabati la mteja. Wazee walipouliza gharama, alijibu kwamba ujira wake ni kupewa habari kila anapofariki mtu kijijini, ili naye aende kuzika. Tangu siku hiyo hakukosa mazishi. Alisimama nyuma wakati wa sala ya maiti, kisha alishika jembe pamoja na wengine.

Msomaji asidhani kwamba jambo hilo lilimpendeza kila mtu. Baadhi ya Wakristo wenzake walinung'unika kwamba mtu wa kanisa hafai kufanya kazi ya msikiti, tena bure. Fundi alicheka akasema, "Mbao haikubatizwa wala haikusilimu." Hakuongeza neno. Lakini nilipomuuliza mimi faraghani, alinieleza habari za Damietta na Sultani, ambazo alizijua kuliko nilivyozijua mimi niliyesoma sekondari. Alisema mabradha walimsimulia akiwa mvulana, na kwamba alizikumbuka siku ile wazee walipopiga hodi bandani kwake.

Katika mwezi wa Ramadhani hakula wala kunywa hadharani, na wanafunzi wake waliokuwa wakifunga aliwapa kazi za asubuhi, kabla jua halijawa kali. Majirani nao, Kwaresima ilipofika, walijua kwamba Fundi hali nyama, nao walimpelekea mihogo na samaki. Hakukuwa na mkutano wowote uliopanga mambo hayo. Ulikuwa ujirani uliojijenga wenyewe, kama njia ya miguu inavyojichora kwa kupitwa kila siku.

Ipo habari nyingine ambayo kwangu ni kubwa zaidi. Jirani mmoja alisogeza mpaka, akapanda mikorosho ndani ya shamba la Fundi. Vijana walimshauri aikate kwa panga usiku. Alikataa. Lakini hakunyamaza pia, maana aliona kwamba kuiachia dhuluma ni kumfundisha jirani udhalimu. Alikwenda kwenye baraza la wazee na mashahidi wake wawili. Alipotakiwa kuapa, aliomba asiape, akasema kwamba neno lake wanalijua. Wazee, Waislamu wote, walikubali. Uamuzi ulikuwa kwamba ardhi ni ya Fundi, mikorosho ni ya aliyeipanda, na mavuno yagawanywe. Na kila msimu wa korosho watu wawili waliokuwa karibu ya kukatana mapanga walikaa kwenye jamvi moja wakizihesabu. Sharti lile la kale la kutobeba silaha na kutoapa, lililowakera mabwana wa Italia, lilitimizwa katika baraza la Wazaramo na Wakwere.

Sasa hapana budi tulikabili swali gumu. Je, ufukara ni sifa? Taifa letu lilipotoa Azimio la Arusha mwaka 1967 liliutaja umaskini kuwa adui wa kupigwa vita. Julius Nyerere, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu katika shule ya Mtakatifu Fransisko ya Pugu hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, alizungumza na watawa wa Maryknoll huko New York mwaka 1970. Aliwaambia kwamba Kanisa halina budi kushiriki katika kuupinga utaratibu wa jamii unaowafunga watu katika umaskini. Vinginevyo litakuwa upande wa wanaoonea. Hilo ni neno zito, na aliyelisema alikuwa yeye mwenyewe Mkatoliki.

Jibu, kwa maoni yangu, liko katika kutenganisha maneno mawili ambayo lugha yetu inayo. Umaskini wa kulazimishwa ni dhuluma: ni mtoto kukosa dawa, ni mkulima kupunjwa mizani. Ufukara wa hiari ni kukataa kwa makusudi kujilimbikizia, ili mwingine apate. Mtu mwenye umaskini wa kwanza anahitaji haki. Mtu mwenye ufukara wa pili anaweza kumsaidia kuipata. Anayemhubiria mwenye njaa kwamba njaa yake ni takatifu anaichafua njia ya Fransisko.

Hata hivyo Fundi alikuwa na mke na watoto, nao hawakuula kiapo chochote. Mkewe alimwuliza jambo hilo mbele yangu siku moja, bila ya kuficha: ana haki gani ya kugawa kilicho cha watoto? Fundi hakukasirika. Utaratibu wao ulikuwa huu: kwanza ada na madaftari ya watoto, pili chakula na dawa, tatu mbao na misumari ya kazi inayofuata, na kinachobaki ndicho kinachotolewa. Mkewe ndiye aliyeshika fedha, na ndiye aliyetamka kama kimebaki au hakikubaki. Kuna miezi ambayo hakikubaki, na wala Fundi hakutoa. Nadhani bila ya mwanamke yule ufukara wa Fundi ungekuwa mzigo kwa wengine. Habari za watu wa namna hii zinapoandikwa, wake zao husahauliwa. Insha hii isifanye hivyo.

Fundi hakuwa wa pekee katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Nchini Uganda, Mama Kevin, mtawa wa Kifransisko mzaliwa wa Ireland, alifika Nsambya mwaka 1903. Mwaka 1923 alianzisha shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, huko Nkokonjeru. Alifariki Marekani mwaka 1957, na watu wa Uganda walidai mwili wake urudishwe uzikwe kwao. Hata jina lake limekuwa neno la kawaida: katika sehemu za Uganda, "kevina" maana yake ni hospitali au nyumba ya huruma. Katika Kongo, Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alichapisha mwaka 1945 kitabu juu ya falsafa ya Wabantu. Wasomi wa Kiafrika wamekikosoa sana, na kwa haki. Lakini katika miaka ya 1950, huko Kolwezi, aliketi na wachimba migodi na wake zao, wakizungumza Kiswahili, na jumuiya iliyotokana na mazungumzo hayo ikaitwa Jamaa. Wote wawili walikumbukwa kwa neno: mmoja jina lake liligeuka neno la watu, na mwingine alilikuta neno letu akaishi ndani yake.

Kwa nini tunahitaji kuyakumbuka mambo haya leo? Kwa sababu amani ya dini katika nchi yetu, tunayojivunia, imepata nyufa. Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalishambuliwa Dar es Salaam. Februari 1998 watu walipoteza maisha katika ghasia za Mwembechai. Oktoba 2012 makanisa kadhaa yalivamiwa na kuchomwa huko Mbagala, baada ya ugomvi wa watoto wawili juu ya Kurani. Mbagala si mbali na Kisarawe. Kila mara viongozi wa serikali na wa dini walikutana, walitoa matamko ya busara, na ni wajibu wao kufanya hivyo. Lakini tamko halina nguvu mahali ambapo jirani hamjui jirani yake. Misugusugu palikuwapo jeneza, palikuwapo mikorosho, palikuwapo mihogo ya Kwaresima. Mtu akija na maneno ya uchochezi mahali kama hapo, anakuta watu ambao wana hesabu ya muda mrefu baina yao.

Fundi alifariki mwanzoni mwa karne hii, katika nyumba ileile ya udongo ambayo alikuwa ameipaka chokaa. Zana zake alikwisha kuzigawa kwa vijana aliowafundisha: randa kwa huyu, msumeno kwa yule, patasi kwa mwingine. Jeneza lake liliundwa na mwanafunzi wake wa kwanza, Mwislamu. Padre aliongoza ibada, na kaburi lilichimbwa na watu wa msikiti, ambao walisema kwamba wanalipa deni la mazishi mengi. Mimi, kwa kuwa kazi yangu ya pili ni ushairi, niliombwa na mkewe niandike ubeti mmoja, nao ni huu:

Hakuacha nyingi mali, wala shamba la thamani,
Wa karibu na wa mbali, aliwaita nyumbani,
Hakubagua asili, wala rangi wala dini,
Jirani ni kumbukumbu, isofutwa na mvua.

Misugusugu ya leo si ile ya miaka ya 1960. Malori yanapita usiku na mchana kwenda bara, viwanda vimejengwa Kibaha, viwanja vimepimwa, na mikorosho mingi imekatwa. Wageni wanaohamia ni wengi, na kila mmoja anajenga ukuta kwanza, nyumba baadaye. Hilo silipingi, maana maendeleo yanataka watu na watu wanataka usalama. Nasema tu kwamba nyuma ya kuta hizo ujirani hautakuja wenyewe. Utahitaji watu wa kuuanza.

Nawaomba walimu wa historia na wa uraia wafanye jambo moja. Wasiishie kuwasomesha wanafunzi habari za Kilwa ya 1505 na Pugu ya 1889, ingawa ni lazima wazisomeshe. Wawatume wanafunzi vijijini na mitaani kwao na maswali haya: Nani alitengeneza jeneza la msikiti wenu? Nani alichimba kisima kinachotumiwa na wote? Ni nani aliyezikwa na watu wa dini nyingine, na kwa sababu gani? Majibu yaandikwe kwa tarehe na kwa ushahidi, kama historia nyingine yoyote inavyoandikwa, na yahifadhiwe katika maktaba ya shule. Wazee wanaoyajua majibu hayo bado wapo, lakini hawatakuwapo siku zote.